Bunduki Yangu Usiichukue, Somoe

Somoe mwanangu,

Nianze na lililo wazi. Kuanzia Mikindani mpaka mdomo wa Ruvuma hajazaliwa mtu wa kunishinda shabaha, na kama amezaliwa basi bado ananyonya. Enzi zangu kisahani cha udongo cha kurushiwa shabaha kilikuwa kikinisikia nakohoa tu, kinapasuka chenyewe hewani ili kuniondolea usumbufu. Wapo watu wawili watakaokuapia kwamba niliwahi kuvunja visahani viwili kwa risasi moja huku napiga chafya. Mmoja wao ni mimi. Mwingine ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, kwa hiyo hawezi kukanusha.

Haya, umeshacheka, tuendelee.

Habari za chandarua, sweta za baridi ya Arusha, na kutokula hovyo basi likisimama njiani, mama yako ameshazimaliza. Amekuambia mara nyingi kiasi kwamba hata mimi ambaye sisafiri nimetoka kwenda kutafuta sweta. Sina cha kuongeza hapo. Mimi nina jambo la bunduki tu.

Jioni hii, tumekaa mkekani, sinia la ming'oko ya kuchemsha bado lina moto, uliniuliza swali zuri mbele ya watu. Ulisema, "Baba, kibali changu kimetoka. Jumamosi naenda dukani kuchagua shotigani yangu ya kwanza, ya kupigia visahani. Ungekuwa wewe, ungechagua ipi?"

Swali la heshima kabisa. Mtu mwenye akili zake angejibu. Mimi nikafuta mikono, nikasimama kama mgeni rasmi, nikasema, "Uchague ya nini, mama, na ya kwako ipo? Nitakwenda polisi nianze kuhamisha jina. Bunduki yangu ikufuate huko huko."

Wajomba zako wakapiga makofi. Mjomba Saidi akasema, "Hapo umemaliza, shemeji." Nikajiona nimemaliza kweli.

Na wewe ukasema, "Asante, baba."

Sauti hiyo naijua, Somoe. Ndiyo ile ya Idi niliyokununulia viatu vyekundu vya kukubana. Ulivivaa mpaka magharibi, ukapita navyo nyumba zote za Magomeni yetu hapa Mtwara kutoa mkono wa Idi, ukarudi unatembea kama kuku mwenye kidonda. Nilipokuuliza kama vinakutosha, ulisema hivyo hivyo, "Asante, baba." Huwa hukatai. Ndiyo tabia yako inayonitisha kuliko zote, na nitakuambia mwishoni umeitoa wapi.

Kwa hiyo nimekaa hapa sebuleni kukujibu swali lako nilivyotakiwa kulijibu. Jibu lenyewe ni kwamba bunduki yangu usiichukue. Kwa nini, nitakueleza kwa njia yangu ya kuzunguka, maana nikienda moja kwa moja huwa napotea. Shule yangu unaijua. Nilimaliza la saba kwa sababu walimu walichoka kuniona.

Nilipoinunua ile bunduki, wewe ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa nabeba mashine ya salfa mgongoni, napulizia mikorosho ya watu kule Nanyamba, naingia alfajiri shambani mtu mweusi natoka saa nne njano tupu, mpaka kope. Mama yako anasema alinipenda kwa huruma, alidhani ni ugonjwa. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo ya bibi yako, nikaomba kibali cha kulinda shamba, nikakipata. Msimu ule korosho zilikubali. Nikapanda basi mpaka Dar es Salaam kununua silaha kama mtu mzima.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mpole, miwani imening'inia kifuani. Akaniuliza, "Ya kazi gani, kijana?"

Nikamwambia, "Ya kila kazi."

"Hakuna ya kila kazi. Unapiga nini?"

"Naanza na nguruwe. Baadaye tutaona."

Akanitolea moja fupi kiasi, mbao yake ya kawaida, haina maua wala nakshi. Akasema, "Iweke begani kwanza." Nikamwambia hiyo awawekee kina mama. Nikanyoosha kidole juu kabisa ukutani, kwenye ile unayoijua wewe, mitutu miwili ubavu kwa ubavu, mirefu kama nguzo za goli, nzito, ina ndege wamechongwa ubavuni. Nikaishika. Unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilitafuta kioo. Nikajiangalia kwenye kioo cha kabati lao, nikageuka upande, nikatoa kidevu. Yule mzee akasema taratibu, "Kijana, bunduki siyo kanzu." Nikalipa.

Hilo ndilo la kwanza, Somoe. Dukani usijiangalie. Na wakikuonyesha nakshi, waulize za nini, kisahani hakina macho.

Sasa kwa nguruwe ile bunduki haikuniangusha. Nguruwe unamvizia. Unaegemeza mtutu kwenye panda ya mkorosho, unafumba jicho, unangoja akae vizuri kwenye mihogo. Uzito unakuwa wa mti, haukuhusu. Nikamwangusha wa kwanza, na watu wote wa kijiji chetu, Waislamu watupu, wakasimama kumwangalia kama wageni msibani, hakuna anayetaka kumgusa. Ikabidi nitume ujumbe kwa walimu wa shule ya msingi, wale wa kutoka bara. Walikuja na pikipiki, wakaniita baba mlezi. Jina langu likaenda mbali, na mimi nikaenda nalo.

Ndipo nikakutana na Mushi. Wewe unamjua amezeeka, na kitambi. Wakati ule alikuwa karani wa bandarini, Mchaga mwembamba mwenye mdomo mpana. Yeye na wenzake wachache wa ofisini walikuwa wamepata kiwanja kwa kibali halali kule nyuma ya mashamba ya chumvi yaliyoachwa, mahali hapapiti mtu wala mbuzi, wakaleta mtambo wa kurushia visahani. Jumamosi wanapiga. Alisikia habari za nguruwe wangu, akanialika.

Nilikuja nimevaa suruali ya sherehe. Wenzangu wana bunduki zao za mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake, za kawaida tu, mbao imekwaruzika. Nikaziangalia kwa masikitiko. Zamu yangu ikafika. Nikaegemea kushoto, nikaegemea kulia, natafuta panda ya mkorosho. Chumvini hakuna hata mchicha.

Nikasema, "Rusha."

Kisahani kikatoka. Nikafumba jicho, nikakilenga vizuri, nikasimamisha mtutu pale pale kilipo, nikafyatua. Kumbe kilipo ndipo kilipokuwa. Kilitua salama kabisa, Mushi akakiokota na kukipangusa.

"Hiki tukirudishe kwenye boksi," akasema. "Bado kipya."

Nikarudia, kikatua. Nikarudia tena, mtutu umeanza kushuka kwa ule uzito, bega linawaka. Mushi akawaambia wenzake, "Leo tutabana matumizi, jamaa havunji vyombo." Mimi nikamjibu kwamba visahani vyao ni vidogo, kwetu tumezoea kupiga kitu chenye familia.

Zile habari za chafya ni za baadaye sana, na nyingine ni za uongo, hilo unalijua.

Lakini ilinichukua muda mrefu kukubali kilichonipata pale, na ndicho nataka kukupa usiende kukitafuta tena. Nilikuwa nimenunua bunduki ya kusubiri, kisha nikaipeleka kwenye kazi ya kufuata. Kisahani hakikungoji. Unakuja nyuma yake na mtutu, macho yote mawili wazi, unakipita kidogo, unafyatua huku mkono bado unakwenda. Bunduki ikiwa ndefu na nzito kuliko mwili wako, itachelewa kuanza, na ikishaanza itachelewa kusimama, kama mimi kwenye maneno. Ikiwa nyepesi mno nayo, kila risasi inakupiga teke la punda, na ukifika kisahani cha ishirini unaanza kufumba macho kabla ya mlio. Mtu akishaanza kufumba macho, imekwisha, anapigana na bunduki yake mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi ufanye hivi. Ukishahakikisha ni tupu, wewe mwenyewe kwa macho yako, hata kama muuzaji amehakikisha na imamu amehakikisha, elekeza mtutu ukutani mahali penye usalama. Fumba macho yote. Ipandishe begani kwa kawaida yako, shavu lilale kwenye mbao. Halafu fumbua. Jicho likikuta linateleza juu ya mtutu mpaka mwisho bila wewe kusogeza shingo, hiyo inakutafuta. Ukikuta unaona mbao tupu, au unaona ubavu wa mtutu, irudishe ukutani, hata iwe na ndege na samaki na ramani ya mkoa. Kitako kinaweza kukatwa kidogo au kuongezewa mpira, mafundi wapo. Na ikiwa imetumika usione aibu, ilimradi fundi ameikagua. Mdomo wa mtutu usiwe umebanwa sana. Zile chembe ndogo tunaita marisau, mwanzoni unataka zitawanyike kidogo, zikusaidie. Mimi wangu umebanwa kama mdomo wa bibi yako akiwa na hasira.

Na ukipanga kununua ile inayojitemea ganda yenyewe, uliza inatema upande gani. Nyingi zinatema kulia. Kwako ganda litapita mbele ya pua.

Umeona nilipofika. Nimesema kwako.

Ulikuwa kidato cha pili nilipokupeleka kiwanjani mara ya kwanza. Wakati ule nilikuwa nimeshajifunza kweli, na tuache utani, nilikuwa navunja. Niliifahamu ile nguzo yangu ya goli kwa ukaidi, kama mtu anavyozoea kiti kibovu. Nikataka uonekane mwana wa baba yako. Nikakupa ile ile. Na wewe ulivyoipokea, bila mtu kukufundisha, ukaipeleka bega la kushoto. Ilikaa pale, Somoe. Ndefu, nzito, lakini mwili wako ulijipanga nyuma yake kama umezaliwa nayo.

Nikaitoa mbele ya watu nikaihamishia kulia. Nikasema, "Kwetu hatuli kwa kushoto, hatupigi kwa kushoto." Watu wakacheka, maana mimi nikisema watu hucheka, ndiyo maradhi yangu.

Hukupata hata kimoja. Kila ukikosa nilikuwa na la kusema. Nilisema visahani vinakukwepa kama mke mwenza. Nilisema mpeni mwali ungo arushe, labda atapata kwa mkono. Wewe ulikuwa unatabasamu, unaweka risasi nyingine.

Mushi ndiye hakucheka. Alikuita pembeni, nami nikafuata.

"Mwanangu, nyoosha kidole kwenye ule mkoko kule ng'ambo ya chumvi, macho yote wazi," akasema. "Umefika? Sasa fumba la kushoto."

"Kidole kimehama, babu Mushi."

"Mimi babu yako tangu lini? Fumbua. Fumba la kulia."

"Kimebaki pale pale."

Akanigeukia. "Baba Somoe, jicho la kushoto ndilo bosi hapa. Ukimbana bega la kulia hatapiga hata nyumba akiwa ndani yake. Na kitako chako kimepindwa kwa mtu wa kulia, kiangalie kwa juu. Mwache apige kwa kushoto, nitamwazima ya kwangu."

Nikamwambia, "Mushi, wewe shughulika na makontena."

Tulikwenda Jumamosi nyingine, na nyingine. Ukaanza kuvaa mikono mirefu kwenye joto la Mtwara, nikadhani ni dini imekuingia, nikafurahi. Siku mama yako anakusuka ndipo alipoona bega. Alinijia nikiwa nje natengeneza mashine ya salfa. Akasema, "Mtoto ana alama kama ameegemezewa pasi." Nikasema atazoea. Akasema, "Wewe ulizoea kwa sababu uliitaka. Yeye anakutaka wewe."

Nikaendelea kukaza skrubu za mashine. Basi tukaacha kwenda. Sikusema tumeacha, nilisema msimu wa kupulizia umeanza. Msimu ukaisha, nikasema kitu kingine. Ulikuwa unalipita lile kabati la chuma la bunduki bila kuliangalia.

Kisha miaka imepita, umekwenda chuo, na mwaka jana mama yako ananiletea simu yake kitandani, "Vaa miwani umwone mwanao." Picha. Umesimama kwenye nyasi za huko Arusha, bunduki ya kuazima, miguu imekaa, shavu limelala kwenye mbao, na juu kabisa kwenye pembe ya picha kuna kivumbi cheusi kidogo, kisahani kimekwisha. Bega la kushoto. Mama yako anasema niliiangalia mpaka simu ikaisha chaji. Kesho yake niliwaonyesha Magomeni nzima. Walipouliza nani kakufundisha, mwanangu, nilisema mimi.

Sasa unaelewa kwa nini jioni hii nilisimama mkekani. Nilitaka ukienda kule, wakikuuliza bunduki hii ya nani, useme ya baba. Ungeichukua. Ungekata kitako, ungefunga mpira, ungepinda shingo, ungepigwa shavu kila Jumamosi, na ungenipigia simu kusema, "Asante, baba." Sitaki. Nitawaambia wajomba zako kwamba nimebadili mawazo kwa sababu nguruwe wamerudi. Wataamini. Saidi ataongeza idadi yao.

Nenda kachague ya bega lako. Na muuzaji akikuambia za kushoto ni adimu, mwambie utangoja.

Nimebaki na lile nililokuahidi mwishoni, kule ulikoitoa tabia ya kutokataa. Nimejaribu kuliandika kwa mzaha, halikubali.

Kushoto kwako hakukuanza chumvini. Ulikuwa mdogo, hata shule ya awali bado, tumekwenda hitma kwa bibi yako Nanyamba, ukaingiza mkono wa kushoto kwenye sinia la pilau. Mtu mmoja akasema, "Huyu mtoto wa Maneno hana wa kumfunda?" Wakacheka, na safari hii waliochekwa tulikuwa sisi. Sikuizoea hali hiyo. Tuliporudi nikachana kipande cha kanga ya mama yako, nikaufunga mkono wako wa kushoto ubavuni wakati wa kula, na baadaye wakati wa kuandika. Nilimwambia mama yako ni siku chache. Zilizidi.

Ulilia mwanzoni. Halafu ukaacha. Na asubuhi moja, mimi niko barazani na marafiki, ukatoka ndani peke yako, kile kipande cha kanga umekishika, ukanipa. Ukageuka, ukaubandika mkono ubavuni mwenyewe, ukasema, "Baba, nifunge, nisije nikasahau."

Rafiki zangu wakasema mtoto ana adabu huyu. Nami nikajisifu. Miaka yote hii nimekuwa nikilisimulia kama sifa yangu, jinsi nilivyolea.

Mengine yote niliyoharibu, bunduki, viatu, visahani, yanaweza kuchekwa. Hilo hapana. Ulinipa nafasi ya kuacha mbele ya watu, kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nikafunga.

Baba yako,
Maneno